Sukari Imeshuka

Mimi ni mtu wa amri. Nasema mapema ili atakayesoma asinionee huruma kabla ya wakati. Ofisini kwetu, kwenye eneo la viwanda ninakofanya ukarani, wenzangu hushusha sauti wakisikia viatu vyangu kwenye korido, na mimi hujifanya sijui. Kwa hiyo mama yangu alipoambiwa kliniki kwamba ana sukari, sikulia. Nilinunua daftari.

Sukari ndilo jina la ugonjwa huo kwetu. Madaktari wana jina lao refu, lakini mtaani ukisema fulani ana sukari kila mtu anaelewa. Niliona ni uonevu mtupu kwamba mama yangu, katika watu wote, ndiye aliyepewa ugonjwa wenye jina la kitu alichokipenda kuliko vyote vya jikoni.

Tulikulia mtaa wa Lucky Summer, kwenye ploti ya vyumba sita vilivyozunguka ua mmoja wenye mfereji wa maji. Baba alikuwa dereva wa lori, na mwezi wa Desemba hakuonekana nyumbani, kwa hiyo Krismasi yetu ilikuwa ya mama. Wiki ya sikukuu alitafuta mchanga, akauchekecha kama unga, akaumwaga ndani ya sufuria kubwa kuliko zote na kuibandika juu ya jiko la makaa. Juu ya mchanga aliweka sahani ya bati yenye biskuti, akafunika, halafu akapanga makaa mengine juu ya kifuniko. Hiyo ndiyo ilikuwa oveni yetu. Ili ajue kama moto umefika, alinyunyiza unga kidogo kwenye bati tupu na kuanza kusali Baba Yetu, polepole, kama kanisani. Unga ukigeuka rangi kabla ya mkate wetu wa kila siku, moto ni mkali, punguza makaa. Ukifika amina bado mweupe, ongeza. Sisi watoto tulidhani dunia nzima inaoka hivyo. Mpaka leo nikisali, nikifika kwenye mkate nasikia harufu ya siagi na iliki.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mchonga vinyago, na alimchongea mama kibao cha kukatia biskuti chenye umbo la twiga. Kilikuwa kizuri, ila mjomba alizoea kuchongea watalii, akaweka shingo ndefu kupita kiasi. Karibu kila twiga alitoka motoni shingo imevunjika. Mama hakuwahi kumwambia mjomba. Shingo alitugawia sisi, na twiga wasio na vichwa akawapanga kwenye sahani, akawafunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, tukawapeleka mlango kwa mlango. Jirani mmoja mwenye asili ya Murang'a aliuliza mwaka baada ya mwaka kama hao ni mbuzi, na mwaka baada ya mwaka mama alimjibu kwamba ni mbuzi wa Yesu, ale anyamaze.

Mama mwenyewe alionja kila hatua. Alionja unga mbichi, akaonja biskuti ya kwanza kutoka, na iliyoungua aliila ili, kama alivyosema, isitupwe bure. Sikumbuki nikimwona amekaa chini wiki hiyo. Alikula amesimama, huku anacheka, na makombo yalijaa kwenye kanga yake.

Baba alipofariki nilimtoa Lucky Summer nikamleta kwangu, mtaa wa Pipeline, ghorofa ya tano. Mtu wa ua na mfereji aliingizwa kwenye nyumba ambayo ukifungua dirisha unasalimiana na nguo za watu wa jengo la pili. Hakulalamika. Majirani wote wa ghorofa yetu wakaanza kumwita shosh, yaani nyanya, na yeye akawajua wote, hata wale ambao mimi nilikuwa nimeishi nao miaka sita bila kuwasalimia. Mwaka mmoja baadaye ikaja hiyo sukari, pamoja na sindano ya kuishusha, ya kujichoma asubuhi na jioni.

Basi nikaanza kazi. Nilitoa sukari yote nyumbani. Sikuitupa, kutupa chakula ni dhambi. Niliihifadhi kwa jirani wa mlango unaotazamana na wangu, mama mmoja wa kutoka upande wa kati anayeuza mitumba. Yeye ndiye alikuwa rafiki mkubwa wa mama pale juu. Asubuhi nilikuwa navuka korido kwenda kunywa chai yangu tamu kwake, nimesimama, haraka, kama mwizi. Jirani alinitazama akatikisa kichwa.

"Wewe utakufa kabla ya shosh," aliniambia. "Na si kwa sukari. Kwa ukali."

Nilimwambia hajui anachosema.

Kliniki walitupa mashine ndogo ya kupimia, inayotosha kiganjani. Kila asubuhi mama alijidunga kidole, akaweka tone la damu kwenye ukanda mdogo wa kupimia, mashine ikaandika namba, naye akaisoma kwa sauti nami nikaiandika daftarini. Namba ikipanda nilinuna siku nzima. Ikishuka nilipiga makofi. "Imeshuka!" nilisema, na mama alitabasamu kama mtoto aliyepata vyema kwenye daftari la hesabu. Ikawa ndiyo sifa ya nyumba yetu. Hata jirani akipishana na mama kwenye ngazi alimuuliza, "Shosh, imeshuka?" naye akajibu kwa majivuno, "Imeshuka."

Muuguzi alikuwa ametueleza pande zote mbili. Siwezi kumsingizia. Daftari lile bado ninalo, na ukurasa wa vitu vya kukataza umejaa mpaka pembeni. Kuhusu sukari kushuka mno niliandika mstari mmoja tu, tena sikuumaliza, kwa sababu yeye alikuwa anaendelea kuzungumza na mimi nilikuwa bado naandika kuhusu maembe.

Krismasi ya kwanza nilimwokea mama biskuti zisizo na sukari, za ndizi na unga wa ngano nzima, kwenye oveni yangu ya gesi ambayo nilikuwa naionea fahari. Alitafuna moja kwa muda mrefu, akaiweka mezani kwa heshima.

"Mwanangu," alisema, "hii umeiokea watu ama umeokea kuku?"

Nilicheka, lakini sikumpa ya sukari. Za sukari niliwaokea majirani, nikawapelekea zimefunikwa, ili asizione zikitoka.

Desemba iliyofuata alianza kunibembeleza tangu tarehe mosi. Hakuomba kitu kingine chochote, wala nguo mpya wala safari ya kwao Ukambani. Alitaka biskuti moja ya kweli siku ya Krismasi. Nilimkatalia siku tatu. Siku ya nne nikamwekea sharti, kwa sababu mimi bila sharti siwezi kumpa mtu hata maji.

"Ukiniwekea sukari chini mwezi mzima mpaka Krismasi," nilimwambia, "nitakupa moja."

"Moja na nusu."

"Moja, mama."

"Sawa, afisa," alisema, akanipigia saluti ameketi.

Akaanza kujitahidi. Mwezi ule nilimwona mama akisukuma sahani ya ugali pembeni kabla hajashiba, na nikamsifu. Alipanda na kushuka ngazi za ghorofa mbili kila jioni ameshika ukuta, na nikamsifu. Namba zikawa nzuri. Daftari langu lilipendeza, na nilikuwa na mpango wa kwenda kulionyesha kliniki mwezi wa Januari.

Tarehe ishirini na tatu nilioka, sukari nimeipima kwa jirani. Mama aliketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa jikoni akiniongoza: siagi bado haijalegea, mbona unakanda kama una ugomvi na unga, iliki hiyo umeitoa jana ama mwaka jana? Alikuwa na haki katika yote. Lakini asubuhi hiyo namba ilikuwa imepanda, si sana, ila ilivuka pale tulipokubaliana, na mimi nilikuwa nimenuna tangu saa moja. Aliponyoosha mkono achukue unga mbichi kwenye ncha ya kidole, nilisogeza bakuli.

"Ikiwa hivi," nilimwambia, "keshokutwa hakuna biskuti."

"Sawa, afisa," alisema. Safari hii hakupiga saluti. Aligeuka akaangalia dirishani, kwenye nguo za watu, na mimi nikaendelea kukata biskuti zangu kwa mdomo wa glasi. Zilitoka hamsini na mbili. Nilizihesabu zikiwa bado moto, nikazipanga kwenye trei, nikaiweka mezani chini ya kitambaa cheupe.

Tarehe ishirini na nne nilikuwa na kazi nusu siku. Niliondoka mapema kabla mama hajajipima, nikamwachia uji wake kwenye chupa ya chai, usio na sukari, na maagizo yangu ya kawaida. Kutoka kazini nilipitia duka kubwa kununua mchele na soda za watoto wa kaka yangu, waliokuwa waje kesho yake. Foleni ilifika mpaka kwenye rafu za vyombo. Spika zilikuwa zinapiga nyimbo za Krismasi na mtoto wa mtu alikuwa analia karibu na sikio langu. Ilikuwa kama saa saba hivi, simu ikalia. Ni mama.

"Mwanangu, imeshuka," alisema.

"Asante Yesu! Ngapi?"

"Leo haka kamashine hakajaandika namba." Sauti yake ilikuwa ya polepole, nzito kidogo, kama ya mtu aliyetoka kuamka. "Kameandika 'Lo'."

"Kameandika nini?"

"Lo! Hata kenyewe kameshangaa."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti mpaka aliyekuwa mbele yangu akageuka. Mama alisoma Biblia yake ya Kiswahili kila siku na alikuwa na mambo hayo ya kizamani, lo, ole, ewe. Nikaona ni mzaha wake, kama ule wa mbuzi wa Yesu. Nikamwambia hongera, leo umeishangaza mpaka mashine. Aliniambia mikono yake inatetemeka kidogo. Nikamwambia ni uzee, apumzike.

"Na usiguse kitu mpaka nifike," nikamalizia. "Usije ukaiharibu sasa."

"Sitagusa," alisema mama.

Foleni ilisogea. Nililipa, nikatoka na mifuko yangu, nikampigia kumuuliza kama nyumbani bado kuna iliki. Hakushika. Nikasema amelala. Nilikuwa kituoni nasubiri gari nilipoona kibao cha duka la simu kilichoandikwa kwa taa HI, salamu ya Kiingereza, na ndipo nikakumbuka. Wiki zile za kwanza, mashine yetu iliwahi kuandika hivyo hivyo, HI, na nilimkimbiza mama kliniki nikidhani imeharibika. Muuguzi alisema haijaharibika, hayo ni maneno ya Kiingereza yaliyofupishwa. HI ni sukari iko juu mpaka namba imeshindwa. Na iko nyingine, akasema, mkiona hiyo msije hapa kwanza, mpeni sukari hapo hapo nyumbani, halafu ndiyo mje. Iko chini kiasi cha kuua mtu. Ni herufi mbili pia, LO.

Sijui niliangusha mifuko wapi. Nilimpigia jirani, na kwa neema ya Mungu hakuwa ameenda sokoni.

"Ingia kwangu," nilimwambia. "Ingia sasa hivi, muone mama."

Nilisikia viatu vyake, kisha mlango.

"Shosh? Shosh!" Halafu akarudi kwangu. "Wee! Amelowa jasho mwili mzima, nguo zote maji. Ananitazama tu, hanijibu."

"Mpe sukari!"

"Iko wapi?"

Nyumbani kwangu hapakuwa na sukari hata ya kumpa sisimizi.

"Iko kwako," nilimwambia.

Nilisikia anakimbia. Aliporudi aliweka simu chini bila kuikata, nami nikawa nasikia kijiko kikigonga kikombe, na sauti yake ikimbembeleza mama kwa Kikikuyu, lugha ambayo mama haielewi. Alilowesha sukari kwa maji kidogo, akaichota kwa kidole, akaipaka ndani ya shavu la mama, kwenye fizi, tena na tena, kama unavyomfanyia mtoto mchanga. Baadaye alinionyesha kidole hicho. Mama alikuwa amekiuma.

Mlinzi wa jengo na vijana wawili walimbeba na kile kiti chake cha plastiki, wakateremka naye ghorofa tano. Nilikutana nao hospitalini. Alikuwa hai, lakini macho yake hayakuwa yananijua. Walimwekea dripu, wakaniambia niende nyumbani nikalete vitu vyake.

Nilipofungua mlango niliona kila kitu kilivyokuwa. Alikuwa ameketi mezani, ndipo walipomkuta, nami nilijua kwa sababu meza ilikuwa imesogea. Mashine ilikuwa juu ya Biblia. Chupa ya uji ilikuwa imejaa, hakumimina hata tone, na sindano ya asubuhi ilikuwa tayari imetumika. Alijichoma dawa na hakula. Na pale mbele yake, umbali wa mkono, ilikuwa trei. Nilifunua kitambaa nikaanza kuhesabu. Nilikuwa naomba, naomba kweli kwa midomo, nikute amenidanganya. Zilikuwa hamsini na mbili.

Nilikaa sakafuni, pale kilipokuwa kiti chake, nikalia kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa huo uingie kwetu. Mama yangu alitetemeka na kulowa jasho mbele ya dawa yake, zile biskuti, akaiangalia, na hakuigusa kwa sababu mimi nilisema asiguse.

Asubuhi ya Krismasi alizinduka. Wodi ilikuwa na puto mbili zilizofungwa dirishani na mgonjwa mmoja alikuwa anaimba polepole. Mama aliniangalia, safari hii akanijua, akatafuta mkono wangu juu ya shuka.

"Ilishuka?" aliniuliza.

"Ilishuka, mama."

"Nilijua. Nilikosa kula makusudi." Alivuta pumzi. "Ule uji nikausamehe. Ile namba ya juzi ilikuwa imekuudhi."

Nilitaka kumwambia kuhusu zile herufi mbili, lakini sikuweza kuanza.

"Umeniletea?" akasema.

Sikuwa nimemletea. Nilikuwa nimembebea kanga, dawa ya meno, ndara na Biblia. Asubuhi hiyo natoka nyumbani niliipita trei nikaitazama, na mkono wangu haukuinuka, kwa mazoea tu, kwa sababu akili yangu ilisema: sukari. Nilimwambia nimesahau. Akanipapasa mkono akasema si neno, Krismasi haijaisha.

Daktari alituketisha sote wawili kabla ya kumruhusu. Alisema biskuti moja siku ya sikukuu haiwezi kumwangusha mama kama anakula vizuri na kujipima. Kilichomwangusha ni sindano juu ya tumbo tupu. Alisema nyumba yenye mgonjwa wa sukari ndiyo isiyofaa kukosa sukari. Alizungumza kwa upole sana, na kila alichosema nilikiandika, mistari yote, mpaka mwisho.

Sasa mkebe wa sukari uko mezani, hauna hata kifuniko. Nilimwomba mama msamaha, si mara moja. Anasema hakuna kosa, nilikuwa namlinda. Ningependa anitukane, lakini hajanitukana. Jirani naye hajawahi kunikumbusha alichoniambia kuhusu ukali. Anakuja tu, anamuuliza shosh amekula nini leo.

Krismasi iliyopita nilioka tena, kwa sukari kamili kama alivyonifundisha. Kaka yangu na watoto wake walikuwa wamekuja, na kelele zilijaa nyumba nzima. Mama alikuwa amejipima, amekula, kila kitu kiko sawa. Niliweka sahani mbele yake, karibu naye kuliko mtu mwingine yeyote, nikamwambia, "Mama, kula." Watoto walikuwa wameshaanza kunyang'anyana. Mama aliacha mikono yake magotini. Aliniangalia usoni, kama mtu aliyesimama mbele ya dirisha la ofisi akingoja karatasi yake ipigwe muhuri.

"Nichukue?" aliuliza.

Nilimwambia achukue. Alichukua moja, akaishika kwa vidole viwili, hakuipeleka mdomoni, akaniangalia tena.

"Yote?"